Mahindi ya Ng'ambo

Vita vilikuwa ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, na sisi tulikuwa kijijini Pito, juu kwenye baridi ya Ufipa, tukivuna mahindi. Serikali ilikuwa imesema nchi yetu haina upande. Kauli hiyo tuliipenda. Wakimbizi walipokelewa, wakubwa wa pande zote waliitwa waje kupatanishwa, na sisi tulijiona watu wazima tunaotazama watoto wakipigana.

Baba hakuwa na utulivu huo. Alikuwa askari wakati wa vita vya Uganda, akarudi na goti lisilokunjika, akashika jembe. Kila jioni aliketi mlangoni na redio yake. Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na sina pa kwenda, kwa hiyo niliketi naye nikichambua maharage. Nchi za jirani ziliingia vitani moja baada ya nyingine. Kila moja ilisema inakwenda kulinda mpaka wake, hata ile isiyopakana na vita. Baba alisikiliza taarifa hadi mwisho. Siku moja aliniambia niangalie majina: watu ambao mwezi uliopita redio iliwaita wapiganaji, sasa iliwaita wavamizi. Nilimwuliza kuna tofauti gani. Alisema mpiganaji unamtazama, mvamizi unamfukuza.

Miaka hiyo ushirika wa wakulima ulikuwa umelala, na yeyote mwenye mtaji aliweza kununua mahindi. Kaka yangu alishirikiana na kijana wa jirani yetu, mtoto pekee wa mjane tuliyesali naye jumuiya moja. Walinunua gunia kwa gunia katika vijiji vya Mollo na Pito, wakashusha mzigo kwa lori hadi bandari ya Kasanga, na maboti ya ng'ambo yakaupokea. Biashara ilikwenda vizuri. Mama akapata bati, mjane akapata cherehani. Baba alimwuliza kaka ni nani hasa wanaokula mahindi yale.

"Baba, mahindi hayana upande," kaka akajibu.

"Hayana," baba akasema. "Ila anayeyangoja anao."

Msimu wa pili, bei ilipopanda, yule kijana alivuka mwenyewe na mzigo. Kaka alibaki Kasanga kungoja malipo. Boti halikurudi. Wavuvi walileta habari kwamba lilisimamishwa na watu wenye silaha waliosema linalisha adui zao, wakaliburuta hadi pwani ya ng'ambo. Kuhusu waliokuwemo, kila mvuvi alikuwa na lake.

Kaka alirudi akiwa amekonda. Mjane hakulia. Alikuja kwetu, akamtaka kaka aeleze, kaka akaeleza, akamtaka aeleze tena.

Baada ya hapo mambo yalibadilika haraka kuliko nilivyodhani yanaweza. Mjini Sumbawanga, watu waliokuwa wakisema vita vile havituhusu walianza kusema damu yetu imemwagika. Vijana wa stendi waliulizana kwa utani nani ataandikishwa kwanza, kisha utani ukaisha wakawa wanauliza kweli. Malori ya jeshi yakapita kuelekea ziwani, mchana kweupe, yamefunikwa maturubai, na hakuna kiongozi aliyetueleza yamebeba nini. Familia za wakimbizi zilizokuwa zikipewa vibarua vya kuvuna zikaanza kuambiwa kazi zimekwisha, na mahindi yamesimama shambani.

Jumuiya ilikutana nyumbani kwetu. Baada ya sala, mjane akamgeukia baba mbele ya wote.

"Wewe ulikuwa mwanajeshi. Hii nchi inangoja nini?"

Nilitegemea baba atamtuliza. Alisogeza mguu wake mbovu kwa mikono miwili.

"Inangoja wewe uulize hivyo, mama," alisema. "Sisi tuliokwenda Uganda tulichokozwa, ardhi ilichukuliwa, kila mtu aliona. Hapa ni tofauti. Hapa tuliuza chakula, tukapeleka malori kulinda njia ya chakula, na kesho askari mmoja atapigwa akilinda malori. Hapo hatutakumbuka kwamba hatukuwa na upande. Tutamkumbuka yule askari."

Mtu mmoja akauliza kama anasema tusiende. Baba akasema hajasema hivyo. Alisema angekuwa mwanawe ndiye aliyepotea, angekuwa ameshakwenda. Kaka alikuwa amesimama mlangoni. Nilimwona anavyoyapokea maneno yale, nikaingiwa na baridi ambayo haikuwa ya upepo wa Ufipa.

Wiki ile ile kaka akaondoka. Nilimkuta stendi na mfuko mdogo. Alisema anakwenda kumtafuta mwenzake.

"Utamtafuta kwa kutumia nini?" nikamwuliza.

"Huko watanipa," akasema.

Nchi yetu haikuingia vitani. Malori yalirudi kimya kama yalivyokwenda, redio ikaendelea kusema habari za mazungumzo ya amani. Kilichoingia ni nyumba yetu. Baba hakuwasha redio tena. Alilima mpaka giza, na akiitwa kula alisema bado kidogo.

Kaka alirudi baada ya mavuno kupita na mengine kupita, amevaa koti si lake. Alimwamkia baba shikamoo kwa sauti ndogo. Baba hakumwuliza alikuwa upande gani. Mama alipika ugali wa ulezi, na kabla haujaiva mjane alikuwa ameshafika, ameketi kwenye kigoda, mikono magotini.

"Ulimwona?" akamwuliza.

Kaka akatikisa kichwa. Mjane akauliza kama alimtafuta kila mahali. Kaka alishika vifungo vya lile koti.

"Mwanzoni nilimtafuta," akasema. "Baadaye kulikuwa na mambo mengine."

Mjane akamtazama sana. Kisha akainuka, akajifunga khanga vizuri, akamwambia mama asimtengee chakula, akashika njia ya kwake katikati ya mashamba. Kaka akanawa, akala.