Faili Lenye Namba Mbili

Chekeni, ila taratibu, maana jambo lenyewe bado linauma.

Shule yetu ya huku milimani ilipopata kompyuta, nilijiteua kuwa fundi wake. Mwalimu Mbwambo wa taaluma akanipa diski ndogo. "Nakili humo alama za kidato cha nne. Umeme ukituharibia, tuwe na akiba."

Kila mwanafunzi alikuwa na faili lake. Diski ikajaa yakiwa yamebaki machache tu. Nikaona majina mengine yamejirudia, ila mwishoni yana 2. Nikajua hizo ni nakala, na ya nini kutunza kitu kilekile mara mbili? Nikayafuta yote yenye 2, yaliyobaki yakaenea vizuri.

"Mwalimu, nimepunguza wasiohitajika, kama shamba la chai lilivyompunguza baba," nikajisifu.

Haikupita wiki, radi ikaiunguza kompyuta. Mwalimu akachapa kutoka kwenye diski yangu, akatusomea mstarini alama za kupeleka Dar, kwa baraza la mitihani.

"Yohana Shekiondo."

Tukaitika wawili, mimi na mtoto wa baba mkubwa. Kwetu kila kaka humpa mwanawe wa kwanza jina la babu. Alama zilikuwa za huyo mwenzangu.

"Na mimi, mwalimu?"

"Mwenzako aliandikishwa kwanza. Wewe ni Yohana Shekiondo 2." Akapekua karatasi zake. "Halafu, hao wengine wenye 2 umewaweka wapi?"

Mstari mzima ukanigeukia.