Waliojenga Tiwanaku

Katika majira ya baridi ya mwaka wangu wa pili Stockholm, mwalimu wetu wa Kiswidi alitupanga wawili wawili, kila mmoja aje aeleze darasani habari za mahali alikotoka mwenzake. Mimi nilipangwa na mzee wa Bolivia, fundi mwashi aliyekuwa akiishi Hjulsta, kitongoji cha Stockholm. Kwao ni karibu na Tiwanaku, mahali pa ibada pa kale penye lango lililochongwa kwenye jiwe moja tu, na ua uliochimbwa chini, wenye vichwa vya mawe vinavyokukodolea macho kutoka ukutani. Wiki tatu nzima alinichorea jinsi mawe yalivyovushwa ziwani, yalivyosuguliwa, yalivyobanwa kwa shaba.

"Babu zangu," alikuwa akisema, huku akigonga meza kwa kidole.

Siku ikafika. Nilijikongoja na Kiswidi changu cha kuokoteza mpaka mwisho, nikashusha pumzi. Bwana mmoja wa mbele akanyoosha mkono.

"Lakini waliojenga si walitoka angani? Nimeona kwenye intaneti."

Nilidhani darasa litacheka. Halikucheka. Mwalimu akasema, "Inavutia!" na kwa dakika ishirini tukazungumzia vyombo vya angani. Mwingine akaleta habari za majitu ya kale. Mzee wangu alikuwa amekaa pale pale, mikono yake yenye sugu mapajani, na hakuna aliyemuuliza lolote.

Uvumilivu ukanishinda. "Nyumba ya kwenu aliijenga nani?" nilimuuliza yule bwana.

"Babu yangu."

"Babu yako aliweza, kwa nini babu zake huyu wasiweze?"

Mwalimu akageukia ubao, akaandika sentensi yangu, akakizungushia kitenzi duara. "Kwa Kiswidi, hapa kitenzi kitangulie," alisema kwa upole.

Nilitaka kulia. Mzee akainuka, akaomba kalamu, akachora mawe mawili na mfereji kati yake, akaonyesha shaba iliyoyeyuka ikimiminwa humo. Alieleza taratibu, kwa Kiswidi kibovu kuliko changu. Yule bwana alinakili mchoro, nami moyo ukanitulia kidogo.

Tulipokuwa tunavaa makoti, yule bwana akanifuata. "Sawa, walijenga wao. Lakini nani aliwafundisha?"

Nilimshika mzee mkono tukatoka nje kwenye theluji, mimi nikifoka kwa Kiswahili, lugha asiyoijua hata neno, naye akiniitikia kwa Kihispania, "Sí, sí," ndiyo, ndiyo.