Nilimwonea wivu mdogo wangu kwa sababu ya therapist wake, nikamharibia

Wakuu, salamu kwenu. Humu mimi ni wa kusoma na kupita, uzi huu ndio wangu wa kwanza. Shule niliishia la sita, kambi ya wakimbizi Kigoma, kwa hiyo naandika taratibu. Mambo haya yametokea kwetu na sijaongeza chumvi.

Tunaishi Weston hapa Toronto: mama, mimi na mdogo wangu Neema. Mimi napanga maboksi kiwandani, Neema yuko college.

Tangu tukiwa wadogo, Neema akiwa na huzuni alikuja kwangu. Mimi si mwongeaji, ila kusikiliza naweza. Alikuwa anakaa sakafuni karibu na kitanda changu, anaongea mpaka anachoka.

Kazi hiyo ilikuwa yangu.

Mwaka huu college wakampa therapist, mshauri wa mambo ya moyoni. Kila Jumanne saa kumi jioni anajifungia chumbani na laptop.

Wakuu, niliumia. Nilikuwa napita koridoni na soksi tu ili nisisikike. Siku moja nikamsikia analia, halafu akacheka. Kicheko kile mimi sikuwahi kukipata.

Nikamuuliza, "Unamwambia nini huyo?"

"Mambo yangu, kaka."

"Hata ya kambini?"

"Hata ya kambini."

Hayo nilidhani ni yetu wawili.

Nikiri na hili: mimi mwenyewe chakula hakipiti, moyo unanidunda bila sababu, na hakuna aliyeniuliza. Kwetu mwanaume akisema hivyo anaambiwa aombe, kisha aende kazini.

Sasa kosa langu. Kanisani tuna grupu la maombi la WhatsApp. Kwetu ukitaka kumsema mtu bila kuonekana unamsema, unaomba aombewe.

Nikaandika: "Wapendwa, tumkumbuke Neema. Anatibiwa akili."

Jumamosi wakaja wamama wanne na mafuta ya upako. Mama Riziki, kiongozi wao, akamshika Neema kichwa.

"Pepo la kichaa, toka! Binti, huyo mzungu wa kwenye laptop atakusaidia nini?"

"Ni mweusi kama wewe, mama."

"Ndiyo mbaya zaidi! Atakutangaza mji mzima!"

Mama yetu alikuwa anaangalia kapeti kwa aibu.

Jumanne iliyofuata laptop haikufunguliwa. Neema alilala akiangalia ukuta. Nilingoja aje kwangu kama zamani.

Hakuja. Wiki nzima hakunisemesha.

Nikarudi kwenye grupu: "Wapendwa, niliandika kwa wivu. Neema si kichaa. Anayehitaji msaada ni mimi."

Mama Riziki akatuma ujumbe wa sauti: "Mwanangu, na wewe tena?" Ila mpiga ngoma wa kwaya, baba mzima, akaniandikia pembeni: "Huyo therapist mnampataje?"

Jumanne nikampelekea Neema simu yangu chumbani, asome. Alisoma pole pole.

"Sijakusamehe," akasema. "Ila toka, saa kumi imefika."

Safari hii nilishuka hadi nje kabisa, nisisikie chochote. Wivu ulikuwepo, sitawadanganya.

Nilichojifunza: aliyepata mwingine wa kumsikiliza hajakutupa. Na kumwombea mtu hadharani bila ruhusa yake ni kumsengenya tu.

Nimepata nafasi yangu kwa therapist, Alhamisi. Mliowahi kwenda, siku ya kwanza mlianza kwa kusema nini? Nimejaribu kuandika kwenye karatasi, mpaka sasa nina jina langu tu.