Vidonge Viwili Kabla ya Tukuyu

Mimi gari linanitapisha. Nalisema mapema ili mtu asije akanishangaa. Wale wanaopanda gari wakachezea simu na kutafuna mahindi ya kuchoma hadi Mbeya siwaelewi, na kusema kweli siwapendi sana. Mimi gari likiwashwa tu, kabla halijasogea, mate yananijaa mdomoni. Dereva akiwa ametundika kile kikaratasi cha manukato kwenye kioo, basi nimekwisha.

Nimejaribu kila kitu. Limao nimelamba mpaka meno yakafa ganzi. Tangawizi mbichi nimetafuna. Shangazi alinishauri nibandike gazeti tumboni chini ya nguo. Nikafika Tukuyu nimetapika vilevile, na wino umenihamia kitovuni. Zamani nilisafiri na mifuko ya rambo, na ilipopigwa marufuku mimi nikabaki nahangaika kutafuta kopo lenye mfuniko. Pikipiki ina afadhali, mradi nichungulie mbele juu ya bega la dereva, nione njia inavyokuja. Nikizibwa mbele, au harufu ya petroli ikinijia, mambo ni yaleyale. Cha ajabu, ziwani sina shida kabisa. Pale Lyulilo nimepanda mtumbwi mara nyingi kufuata vyungu vya kuuza, mawimbi yakiturusha, nami natafuna zangu dagaa.

Nyumbani kwetu Bujonde hili lilikuwa jambo la kuchekwa. Kaka yangu alikuwa akiniona nimevaa vizuri anauliza nimebeba kopo. Mama peke yake hakucheka. Tangu nikiwa mdogo yeye ndiye aliyenishika paji la uso kando ya barabara, akanifuta mdomo kwa ncha ya kitenge chake, akawaambia abiria waliokuwa wakisonya kwamba wasubiri.

Masika ya mwaka juzi mama alizidiwa. Moyo wake ulikuwa umetanuka, miguu imevimba, usiku analala ameketi kwa sababu akilala chali pumzi inakata. Daktari wa Kyela akaandika apelekwe Mbeya siku hiyohiyo. Aliniita mimi, maana kaka alikuwa amevuka mpaka wa nchi kwenda Karonga kwenye biashara zake, akanieleza polepole. Mama asilazwe, aegemezwe. Nimwangalie midomo na kupumua kwake. Nikiona anabadilika, gari lisimame kwenye hospitali yoyote iliyo njiani, na zipo. Nikamwambia nimeelewa, na nilikuwa nimeelewa.

Tulirudi nyumbani kwanza kuchukua nguo na kadi yake ya bima. Mvua ilikuwa imeharibu njia na gari lisingeweza kuingia hadi kwetu, kwa hiyo kwenda na kurudi ilikuwa kwa bodaboda. Wakati wa kutoka tulipanda mshikaki, dereva mbele, mama katikati, mimi nyuma nikimshikilia kiunoni. Mbele yangu sikuona kitu ila mgongo wa mama. Pikipiki ikawa inateleza kwenye tope huku na huku kati ya mashamba ya kakao, petroli inanuka, na mimi nafumba macho nikiomba tufike lami. Hatukufika. Nilimtapikia mama mgongoni.

Aibu niliyoipata siku ile sijawahi kuipata tena. Mgonjwa ni yeye, lakini ndiye aliyeketi kwenye jiwe akihema, akininyooshea khanga yake nijifute. Nilimbadilisha blauzi pale pale njiani huku dereva wa bodaboda ametazama pembeni. Nilikuwa nalia. Mama akasema nguo hufuliwa, tuendelee.

Mjini tulikuta gari la jirani yetu, mzee mmoja mpole tuliyekuwa tumemkodi atuendeshe. Kabla hatujaondoka mama aliniambia niingie duka la dawa nikanunue vidonge vya safari. Sikuwa nimewahi kuvitumia, nilikuwa naviogopa. Muuzaji akanipa viwili, akasema kimoja kinatosha, tena vinalewesha, kingine niweke cha kurudia. Nilirudi garini nikamweleza mama. Aliniangalia nilivyokuwa, midomo imekauka, akaniambia nimeze vyote, njia ya Tukuyu ina kona nyingi, nisije nikateseka. Na mimi, kwa hofu ya kumtapikia tena, nikameza vyote viwili. Mtu mzima na akili zangu, nikijua kabisa kazi niliyopewa.

Tulikaa kiti cha nyuma, mama ameegemea bega langu. Nakumbuka mashamba ya mpunga yakipita. Nakumbuka tumeanza kupanda mlima, na tumbo langu limetulia kwa mara ya kwanza maishani. Nilijisikia vizuri. Nikamwambia mama kwamba dawa imefanya kazi, akanipapasa goti na kushukuru, "Ndaga, Mungu." Mengine sikumbuki.

Niliamshwa na baridi ya Uyole, Mbeya ikiwa karibu. Dereva alikuwa amesimamisha gari na kufungua mlango wa upande wa mama. Mama alikuwa bado ameniegemea, kichwa chake kwenye bega langu, uzito wake wote juu yangu. Bega lilikuwa limekufa ganzi. Dereva alikuwa amevua kofia.

Tulimzika Bujonde. Waliokuja msibani waliniuliza kama alisema neno lolote mwishoni, kama wanavyomuuliza binti yeyote aliyekuwa na mama yake. Nilisema alifariki kwa utulivu. Kwa wachache niliowaamini niliwaambia jingine: kwamba yule dereva alimwona mama anakata roho kwenye kioo chake na hakunigutusha, kwamba alikuwa anawahi Mbeya apate abiria wa kurudi nao. Nililisema hilo mara nyingi kuliko nilivyopaswa. Nilikutana naye sokoni akanisalimu, nikapita. Alileta mkungu wa ndizi arobaini ya mama ilipofika, nikauacha nje ukaliwa na mbuzi. Nilihitaji mtu wa kumlaumu, na yeye alikuwa karibu.

Mwaka ulikuwa unaisha aliponifuata nyumbani. Hakukaa kwenye kiti nilichomsogezea. Akasema amesikia ninayoyasema na hakutaka kunijibu msibani, lakini sasa ameona afadhali nijue.

Alisema tulipofika Kiwira mama alianza kuhema vibaya. Yeye akapunguza mwendo, akamwambia anageuza gari kurudi hospitali ya Tukuyu, na kwamba ananiamsha nimshike vizuri. Mama akamkatalia. Dereva akasisitiza. Mama akanyanyua mkono wake, akaniwekea kwenye sikio upande wa dereva, kama mtu anayemziba mtoto asisikie kelele.

"Mwache," alimwambia. "Ukimwamsha atatapika."

Dereva alisema aligeuza gari hata hivyo, akaenda kama mita mia mbili, na alipotazama tena kwenye kioo mkono ule ulikuwa umeanguka. Ndipo akageuza tena kuelekea Mbeya, kwa sababu hakujua afanye nini kingine.

Nilimwomba msamaha, akaupokea, akaondoka. Siku hizi Mbeya naenda mara moja kwa mwezi kwa biashara, na simezi kitu. Natapika toka Kyela hadi Uyole, macho wazi, na abiria wananisonya. Sina wa kuwaambia wasubiri.