Mashine ya Baba Kwenye Mpunga

Jirani yangu wa Misugusugu ni mtu mwema sana, na wema wake ndio ulioniletea fundi redio ambaye sikumwita. Alisimama mlangoni na mkoba wa bisibisi, akasema ametumwa na mama wa nyumba ya pili, kwamba humu ndani kuna redio inateseka. Nikamkaribisha. Nikamweleza kuwa redio ni nzima, sauti ile nimeitengeneza mimi mwenyewe kwa makusudi, na wapo watu wanaoiomba. Akasikiliza kidogo, kichwa ameinamisha, kisha akaniuliza kwa upole kama nimewahi kuonana na daktari wa masikio. Nikamjibu kwamba daktari wa masikio ni wa baba yangu, mimi sijambo.

Huo ndio muziki wangu. Hauna ngoma, hauna kiitikio, hauna mahali pa kupiga makofi. Ni kelele: bati linalokwaruzwa kwa msumari, redio iliyoachwa katikati ya vituo viwili, mashine ya kuchomelea ya yule fundi mageti wa barabarani, vyote nikivirundika kimoja juu ya kingine mpaka spika iombe poo. Ninarekodi kwenye kaseti, ninachora karatasi ya jalada kwa wino mweusi, ninakata, ninagundisha, ninatuma. Lebo yangu ni mimi, mkasi na gundi. Tupo wachache tunaofanya hivi, mmoja yuko Mbeya, mmoja Dar, wengine wako nchi ambazo nimezijua kwa stempu tu, na tunabadilishana kaseti kama watoto wanavyobadilishana gololi. Ukitukusanya sisi na wasikilizaji wetu wote, mkeka mmoja unatutosha na nafasi ya sinia la ubwabwa inabaki.

Tuna sheria moja: kelele zetu zisiguse simu wala kompyuta. Kaseti inazaa kaseti, basi. Kaseti ya kwanza, ile inayozaa nyingine, tunaiita mama, na mama hutunzwa kuliko cheti cha kuzaliwa. Sheria hiyo niliipigania mimi, siku moja nimeshiba, na nikaitetea kwa maneno mazito kuhusu uhuru. Mtu akishiba husema mengi.

Wanaoniuliza raha yake iko wapi huwa siwajibu kwa nadharia. Nilikulia kwenye banda la mashine ya kusaga. Baba alikuja Kibaha kutoka kaskazini akiwa kijana, akanunua injini ya dizeli na mashine yake, akaifunga nyuma ya nyumba yetu, na tangu nipate akili nilikuwa nalala mchana wa likizo juu ya magunia ya pumba, kelele imenifunika gubigubi. Watoto wengine walibembelezwa kwa nyimbo. Mimi nilibembelezwa na kitu ambacho kilitikisa vikombe kabatini, na kikizimwa ndipo nilipoamka nikilia.

Baba alikuwa na neno moja tu la kazi. Akimaliza debe la mtu, anafunga mfuko, anapaza sauti: "Anayefuata." Hakuna habari za nyumbani, hakuna pole na jua. Hata mama mkubwa, dada wa mama yangu, alipokuwa akija kututembelea kutoka Maneromango na makopa yake ya muhogo kichwani, alipangishwa foleni kama mtu baki. Alilalamika kwamba yeye ni shemeji. Baba akamwambia mashine haijui shemeji. Neno hilo mama mkubwa hakulisahau, na mpaka leo kwenye kila shughuli ya ukoo, sahani ya baba huwa ya mwisho kupakuliwa, na ukimuuliza kwa nini, anasema sufuria haijui shemeji.

Mashine iliyamaliza masikio ya baba polepole, na yeye akaigeuzia kibao: alijifunza kuisikia kwa mkono. Alikuwa anaweka kiganja kwenye bati lake, anafumba macho, anasema beliti imelegea, au chekeche limetoboka, na ukifungua unakuta kweli. Halafu mashine za umeme zikajaa mtaani, vipuri vya ile ya kwetu vikawa vya kutafutwa kwa tochi, na mgongo wake nao ukaanza kudai haki zake. Akapata mnunuzi.

Siku ya mwisho nilikaa bandani na kinasa sauti changu juu ya gunia. Nilirekodi saa ya mwisho ya kusaga, upande wa kwanza mpaka wa pili, mpaka mteja wa mwisho akaondoka na unga wake. Mashine ilikuwa bado inazunguka tupu. Baba akakung'uta mikono, akageukia mlango, akasema "Anayefuata," na mlangoni hapakuwa na mtu. Alisimama hivyo kidogo, kisha akazima. Vyote vimo kwenye ile kaseti. Mimi nimetengeneza kelele nyingi, lakini ile sikuitengeneza, niliipata, na ndiyo pekee niliyoiogopa.

Baada ya mashine kuchukuliwa vipande vipande kwenye pikapu, baba hakulalamika hata kidogo, na hilo ndilo lililonitisha. Alikaa kibarazani akitazama banda tupu. Siku nyingine nilimkuta jikoni, kiganja kimelala juu ya friji, macho amefumba. Nikamuuliza anafanya nini. Akasema kwa ile sauti yake ya kumwita mtu ng'ambo ya barabara kwamba anaangalia kama inagandisha. Nilirudi chumbani kwangu, nikakaa kitandani, nikalia kama mtoto.

Sasa nieleze kiwanda. Kaseti huhitaji redio ya kaseti mbili ili moja ijazwe kutoka kwa nyingine, na redio bora ya aina hiyo ninayoijua mimi iko sebuleni kwa mama mkubwa, Maneromango, imefunikwa kitambaa alichokifuma kwa mkono. Spika zake ni kubwa kama mabeseni. Tulikubaliana zamani. Yeye anapita kwa majirani kuomba kaseti za zamani zilizowalalia: kwaya, taarabu, mawaidha. Anazijaribu redioni. Zinazoimba vizuri ananiwekea mimi, nirekodi juu yake. Zilizokufa, zile za kukoroma na kukwaruza tu, anazichukua yeye kwa ajili ya ndege.

Mpunga wa mama mkubwa uko bondeni, na mpunga ukishatoa masuke ndege huja kama walioalikwa. Dawa yake huko ni utepe wa kaseti. Unauchomoa wote, unaufunga kwenye vijiti kutoka ukingo huu wa jaruba hadi ule, unausokota kidogo, na upepo ukipita unavuma na kumetameta, ndege wanaona afadhali waende kwa jirani. Kwa hiyo urafiki wetu ulikuwa umekamilika: kaseti nzima kwangu, mfu kwake, na hakuna kinachotupwa.

Ile kaseti ya baba niliipeleka huko kuizalisha. Kabla sijaanza mvua ikatanda, na njia ya kurudi kupitia Mzenga ikinyesha haipitiki, mwenye bodaboda aliyenileta akaanza kupiga honi. Nikaona nisimbebe mama, yaani ile kaseti, mvuani. Nikamweka juu ya kabati la vyombo, na jalada lake jeusi, nikampiga busu mama mkubwa na kukimbia.

Wiki hiyohiyo, baba akaniuliza ghafla tukiwa mezani: "Ile mashine yangu, si uliirekodi?"

Nikatikisa kichwa kwamba ndiyo.

"Nitaisikiaje na masikio haya?"

Nikaweka kiganja changu mezani, nikaipigapiga meza kwa mkono wa pili. Nilikuwa nimeshawaza jambo hilo. Ukiweka mkono juu ya spika ya mama mkubwa, sauti ikiwa juu, mtetemo unapanda mpaka kwenye meno. Baba akanielewa mara moja. Asubuhi ya safari nilimkuta amevaa shati la kanisani, amechana nywele, anasubiri tangu sijaamka. Njia nzima mkono wake wa kulia alikuwa ameuweka juu ya goti, akiukunjua na kuukunja, kama mtu anayeupasha moto.

"Shikamoo mama mkubwa."

"Marahaba mwanangu. Naona leo umemleta na mwenye mashine. Shemeji, karibu, foleni inaanzia pale nje."

Baba hakusikia, akacheka hivyohivyo, kwa sababu alijua lazima ni matusi. Nikaenda moja kwa moja kwenye kabati la vyombo. Palikuwa na birika, palikuwa na picha ya harusi. Nikainua kitambaa cha redio, nikatazama nyuma ya redio, nikatazama chini ya kochi.

"Mama mkubwa, ile kaseti niliyoiacha hapa juu iko wapi?"

"Ipi? Yenye karatasi nyeusi?"

"Hiyo hiyo."

"Ah, ile ilikuwa imekufa, mwanangu. Niliitia redioni ikanguruma, nikageuza upande wa pili, nao vilevile. Nikasubiri nikasema labda mbele kuna mtu ataongea, wapi. Kaseti nzima haina neno hata moja. Nimewapelekea ndege." Akaniangalia usoni, akaongeza kwa fahari, ili nifurahi: "Na ndiyo inayovuma kuliko zote."

Neno lilikuwamo. Lilikuwa mwishoni kabisa, na hakufika huko. Na mimi ningemlaumu kwa lipi? Ni mimi niliyekuwa nimejisifu miaka yote kwamba nazitengeneza kaseti ambazo mtu wa kawaida hawezi kuzitofautisha na zilizoharibika. Nilimpata mkosoaji mwaminifu, akanipigia muhuri. Nilikasirika. Nilitaka kulia, halafu nikaona picha yangu nimesimama na kitambaa cha redio mkononi kama mwizi aliyefumaniwa, nikataka kucheka, na sikuweza hata kimoja.

"Anasemaje?" baba akauliza, nyumba nzima ikatikisika.

Nikamsogelea sikioni. "Kaseti iko shambani."

"Nani yuko shambani?"

Nikapaza sauti mpaka kuku wakatoka barazani. "Mashine yako, baba. Iko kwenye mpunga."

Alinitazama mimi, akamtazama shemeji yake, ambaye sasa alikuwa ameshika mdomo. Nilimweleza mama mkubwa kwa kifupi kilichokuwamo, na fahari yote ikamtoka. Akaanza kujifunga kanga kiunoni bila sababu. Baba yeye alivuta kofia yake kutoka msumarini.

"Basi twende," akasema.

Bondeni upepo ulikuwa mzuri. Mama mkubwa alichukua kikapu chake kwa mazoea tu, akatangulia bila mzaha hata mmoja, kitu ambacho sijawahi kukiona. Tepe zilikuwa zimepita juu ya majaruba yote, kahawia na nyeusi, zinameta. Huku kwaya, kule mawaidha, katikati taarabu ya watu wa mwambao wakipashana, na zote zinavuma kwa amani ambayo wenyewe wenye kaseti hawajawahi kuwa nayo. Mama mkubwa akanionyesha ya kwangu kwa kidole, kwa mbali, kama anaionea haya.

Nilienda kuishika nikiwa na tumaini la kijinga kwamba nitairudisha ndani kwa kalamu. Umande na jua vilikuwa vimeshafanya kazi yao. Ilikuwa imenyooka pengine na kukunjamana pengine, rangi imebanduka, na ndege mmoja jasiri alikuwa ameacha maoni yake. Redio yoyote ingeitema. Nikageuka kumwambia baba kwamba imekwisha, na nilikuwa natafuta namna ya kumpigia kelele mtu jambo kama hilo.

Hakuwa ananitazama. Alikuwa amefika upande wa pili wa jaruba, kando ya kijiti, viatu vya kanisani vimezama kwenye tope. Alinyoosha mkono, akaulaza utepe juu ya kiganja chake, taratibu, akafumba macho. Upepo ukaja. Utepe ukaanza kuvuma, nikaona ncha za vidole vyake zikitetemeka, na hakuuachia. Mimi na mama mkubwa tulisimama kama watu walioingia msikitini wakakuta swala imeanza.

"Inasaga," akasema.

Akasogeza kiganja mbele kidogo.

"Ila beliti imelegea."

Sijui mpaka leo kama alikuwa anatutania. Akainama kwenye kile kijiti, akafungua fundo la mama mkubwa huku akiguna wazi kwamba halifai, akauvuta utepe, akausokota, akafunga upya. Kisha akaweka kiganja tena. Safari hii ulivuma juu zaidi, kwa ukali, mpaka kundi la ndege likanyanyuka kwenye jaruba la tatu na kuhamia ng'ambo. Nilijiona mjinga kwa kutokuja na kinasa sauti, halafu nikaacha kujiona mjinga, nikasikiliza tu.

Baba alikung'uta mikono kwenye suruali. Akanyoosha mgongo, akageuka kutazama njia tuliyojia.

"Anayefuata," akasema, kwa sauti ile ya bandani.

Mama mkubwa akageuka nyuma kuhakikisha hakuna aliyemtangulia kwenye foleni. Kisha akajitwisha kikapu chake kitupu, akasogea mbele.