Sikio la Tabibu na Benchi la Shemeji

Mvua zilikuja zikaenda, rangi ya kuta ikabanduka ikapakwa upya, waganga wakuu wakateuliwa wakastaafu, na tabibu msaidizi wa chumba cha dharura akabaki pale pale karibu na mlango, mithili ya bawaba. Aliingia kazini akiwa na kichwa cheusi tititi. Nywele zilizomsalia sasa ni haba, na zote nyeupe. Cheo hakikupanda. Kilichopanda ni takaburi.

Tabibu msaidizi si daktari, ingawa wagonjwa humwita daktari naye hasumbuki kuwasahihisha. Hushona majeraha, huunga mifupa, huagiza vipimo, na yaliyo mazito huwapelekea wakubwa wake. Huyu alikuwa hodari, na haki ya mtu haifichwi. Lakini alijengea umaarufu wake juu ya kanuni moja: apigaye kelele ana pumzi, na mwenye pumzi angoje, wa kukimbiliwa ni aliyenyamaza. Kanuni ni sahihi, na kila afanyaye kazi ile anaijua. Kosa lake ni kuigeuza kiti cha enzi. Aliketi mezani pake akiwagawa waja wa Mwenyezi Mungu kwa masikio tu, macho yake yakiwa katika kikombe cha chai. Wauguzi walimpa jina la Sikio, naye, maskini, alidhani anasifiwa.

"Kidole kimekatwa na kisu cha vitunguu?" alimwambia kijana mmoja aliyekuwa akigumia. "Pole sana. Tumjulishe mjane wako sasa hivi, au tusubiri kidogo?"

Katika wote aliowadharau, hakuna aliyemfikia shemeji yake, kaka wa mkewe, mnadi wa nguo za mitumba, mwenye koo la kuamshia mtaa mzima. Mara moyo wake unaruka, mara ini limehama upande. Kila alipokuja aliipita foleni kifua mbele, akitangaza, "Mimi ni shemeji yake daktari," na kila mara alirudi sokoni buheri wa afya.

Siku hiyo alikuja amejikunja, mikono tumboni, kilio chake kikisikika hadi maabara.

"Shemeji, nakufa. Tumbo linapasuka."

"Juzi ulikuwa unakufa kwa kiuno," tabibu akamjibu, hakuinua kichwa. "Kaa kwenye benchi pale, ufe kwa zamu kama wenzako."

"Nitazame tu, kwa jina la Mungu."

"Nakusikia. Inatosha."

Muuguzi wa zamu, mwanamke mnene asiyepoteza maneno, alisimama na kipimo cha presha mkononi. "Hata presha tusimpime?"

"Sista, presha ya mtu anayenadi suruali kwa sauti ile naijua. Kaipime ya mtu mgonjwa."

Muuguzi akaitwa kwa mgonjwa wa pumu, naye tabibu akaingia nyuma ya pazia kumshona fundi mwashi aliyepasuka juu ya jicho. Kilio cha shemeji kilipenya pazia bila kupoa. Fundi akauliza yule analia nini. "Anafanya mazoezi ya mnada," tabibu akasema, wakacheka wote wawili. Kisha kilio kikakatika. Tabibu akashusha pumzi, akavuta uzi taratibu kwa raha ya mtu aliyeshinda hoja.

"Umesikia, Sista?" akaita. "Kimya. Dawa ya mwigizaji ni benchi."

Muuguzi akajibu kutoka upande wa pili wa pazia, "Nimesikia. Na wewe umesikia?"

Sindano ikasimama katika nyusi ya fundi. Yule aliyejivunia kanuni yake kwa miaka yote hiyo ilimbidi akumbushwe na mwingine maana yake. Akamwacha fundi na uzi ukining'inia, akakimbia.

Shemeji alikuwa amelala ubavu juu ya benchi, magoti kifuani, jasho la baridi likimtiririka. Hakusogeza hata kidole, maana kila msogeo ulikuwa adhabu. Tabibu akamgusa tumbo: limekaza kama ubao. Kidonda cha tumbo kilikuwa kimetoboka, na uchafu ulikuwa ukimwagika ndani. Akamsukuma yeye mwenyewe kwenye kitanda cha magurudumu hadi kwa daktari wa upasuaji.

"Maumivu yalianza lini?" daktari akauliza.

Tabibu hakujua, kwa kuwa hakuuliza.

Alingoja juu ya benchi lile lile. Mkewe akaja, akaketi kando yake, mkoba mapajani.

"Kaka yangu alikaa hapa muda gani?"

Uongo ulikuwa tayari ulimini: foleni ndefu, watumishi wachache. Akautazama mlango wa chumba cha upasuaji, akasema, "Mpaka aliponyamaza."

Mke aliutoa mkoba mapajani, akauweka kati yao.

Daktari alipotoka alisema mgonjwa ataishi, na kwamba wangechelewa kidogo zaidi angekuwa na maneno mengine. Kesho yake shemeji alikuwa na mrija puani na sauti isiyozidi pumzi, hata tabibu ikamlazimu kuinama.

"Dada ameniambia umesema kweli," mgonjwa akanong'ona. "Nimeshangaa kuliko nilivyoshangaa kupona."

"Maumivu yalianza lini, shemeji?"

"Sasa ndiyo unauliza? Vuta kiti. Nitaanzia mbali."

Akaanzia mbali kweli: kwa mteja mmoja mkorofi, koti lisilo na vifungo, na kiungulia cha zamani. Tabibu aliichukia kila sentensi, na usoni ilionekana wazi. Lakini aliketi akasikiliza hadi mwisho, na katika maisha yake yote hilo ndilo ninaloweza kumsifia pasipo kusitasita.

Ewe Mola Mpole, mpe masikio yasiyo na kiburi kabla hujayafunga kwa udongo. Mponye shemeji yake na umrudishie sauti yake, japo kwa kiasi. Mlainishe mkewe, uuondoe mkoba ule kati yao. Na uwarehemu wao na vizazi vyao. Amina.