Siku Mama Wanja Aliposimama Kangari

Hata leo, mwanangu, nikiikumbuka ile Jumamosi ya Kangari, miguu yangu hukataa kutulia. Na kwa kuwa nasikia kesho unasimama mbele ya watu kukiombea kikundi chenu msaada, keti kidogo nikusimulie.

Ilikuwa miaka ya tisini. Nilikuwa msichana aliyetoka tu kusomea uhazili mjini Nyeri, na akina mama wachuma chai wa kijijini kwetu walikuwa wamenifanya karani wa kikundi chao. Walitaka nyumba ya kulelea watoto karibu na kituo cha kupimia majani chai, ili mama asichume na mtoto mgongoni kwenye umande, wala asimfungie peke yake nyumbani. Wangeiendesha kwa kuwauzia wachumaji uji na mandazi.

Basi shirika moja likatangaza kwamba litasaidia kazi moja ya akina mama. Kila kikundi kingesimama katika ukumbi wa kanisa pale Kangari, mbele ya umma na waamuzi watatu, kijieleze. Niliandika barua ya kuomba nafasi, tukaitwa. Tulifurahi kupita kiasi! Tulishona vitambaa vya kichwa vya rangi moja, tukaimba njia nzima.

Mwenyekiti wetu alikuwa Mama Wanja, mwanamke mpole ambaye hakuwa amepita darasa la pili. Binti yake, Wanja, aliungua mkono jikoni akiwa peke yake, mama yuko shambani. Kikundi kilianzia hapo. Wenzake walitaka aseme yeye. Mimi nikapinga.

"Wageni wanataka Kiingereza," nikawaambia. "Na habari za mkono wa Wanja tuziache. Watasema tumekuja kulia."

"Sawa, Muthoni," akasema Mama Wanja. "Wewe ndiye umesoma."

Nilisoma karatasi zangu kwa Kiingereza cha kunyoosha, na nakwambia nilijisikia! Kisha mwamuzi mmoja, muuguzi mwenye miwani, akauliza kwa Kiswahili, "Na yule anayenyonya atafanyaje, mama yake akiwa shambani?"

Nikatazama karatasi. Nikafunua ya pili. Sikuwa na mtoto, wala sikuwahi kujaza hata kikapu kimoja cha chai. Masikio yakaniwaka moto. Nikaona nyumba ya watoto inatuponyoka, na mkosaji ni mimi. Nikageuka nyuma.

"Mama Wanja, tafadhali."

Akasimama, akajifunga leso vizuri. "Mwenye kunyonyesha tutampa mistari ya chai iliyo karibu. Tumeshaongea na wenye mashamba. Saa nne anakuja, ananyonyesha, anarudi. Wa kuangalia watoto ni macucu wawili, nyanya zetu wa kijijini. Mgongo umekataa kuinama, lakini mikono bado iko na nguvu." Akawageukia waamuzi. "Wanja wangu aliungua kwa sababu hakukuwa na mtu kama hao. Sitaki mtoto mwingine aungue."

Maswali yakamiminika, naye akajibu yote.

"Na uji ukibaki?"

"Ati ubaki? Njoo asubuhi usikie baridi ya Kangari kwanza!"

Ukumbi mzima ukacheka, hata muuguzi akavua miwani kufuta macho. Jina letu lilipotajwa, sikumaliza kulisikia kwa vigelegele. Mabenchi yalianguka, watu wakakumbatiana na wasiowajua!

Mimi nilijificha nyuma ya ukumbi kwa aibu. Mama Wanja akanifuata.

"Muthoni, barua yako ndiyo ilituingiza hapa, na hiyo hatutasahau. Lakini ulitupima ukaona hatujui kuongea. Usirudie hiyo." Kisha akanishika mkono, akanivuta kwenye ngoma, nikacheza mpaka viatu vikanitoka. Kabla ya mvua nyingine, watoto walikuwa ndani ya nyumba ile.

Kwa hiyo, mwanangu, kesho usiende peke yako. Andika vizuri, vaa vizuri, lakini wapeleke wale wenye kazi yenyewe, na uwaachie nafasi waseme. Ukiulizwa usichokijua, usijibabaishe. Mwite anayejua, mbele ya watu wote, bila haya. Sauti yako isiwafunike wenzako.

Nenda sasa. Mungu akufungulie mlango wa ukumbi ule, awape wageni wenu mioyo ya kusikia, nanyi mrudi kwa nyimbo.